Sura Isiyochorwa na Mtu

Jumatatu, 8 Juni 1998

Mvua tangu alfajiri. Soksi zililowa kabla sijafika kituo cha treni. Naanza shajara hii ili wabunifu wa michezo ya kompyuta watakaokuja baadaye wajue nilikoanzia. Kwa kumbukumbu: Hatanaka Tomoharu, umri miaka ishirini na mitatu, shahada ya fasihi kutoka Kyoto, tasnifu kuhusu mizimu ya kike katika visa vya kale. Mwajiri: kampuni ya watu wanane, ghorofani juu ya mkahawa wa tambi, Osaka. Cheo: mbunifu wa majaribio. Majaribio yanakoma mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo ama nathibitishwa kazini, ama narudi Fukui kwa mama kumweleza kilichotokea. Afadhali mizimu.

Mchezo wetu unaitwa Bweni la Kaskazini. Msichana mwenye macho makubwa na nywele za buluu anaingia katika bweni la shule lililofungwa zamani. Ana tochi tu. Mwalimu mkuu asiye na uso anamfuata. Tochi ikiwaka, mwalimu anamwona. Ikizimika, msichana hamwoni mwalimu. Wazo zuri mno! Si langu.

Macho na nywele ni kazi ya Bi. Onuki Chigusa, tuliyeajiriwa naye siku moja. Kila mgeni anayepita husimama mezani pake na kuguna kwa furaha. Mchango wangu hadi sasa ni maelezo ya vitu vinavyookotwa. “Ufunguo. Una kutu.” “Betri. Bado ina nguvu.” Hilo “bado” nililitafakari kwa kina. Hakuna aliyelitambua.

Leo Mkurugenzi Kitsukawa aliniita. Nilidhani nafukuzwa. Kumbe ananiagiza nipige simu hekaluni, tupangiwe siku ya kutakaswa. Anayetengeneza mambo ya mizimu hupita kwa kuhani kabla kazi haijatoka, la sivyo mitambo huzimika ovyo na watu huteguka miguu ngazini. “Usije ukasahau, kijana,” alisema. “Mwaka juzi tulipuuza, printa ikashika moto.”

Niliinama. Nikaenda mezani. Hapo ndipo nilipopata wazo. Sikupiga simu.

Jumanne, 9 Juni

Wazo lenyewe, kwa utaratibu. Majarida ya michezo hayana habari na kampuni yetu. Lakini mchezo ambao haujatakaswa, na ndani yake ikajitokeza sura isiyochorwa na mtu! Mhariri gani atakataa? Mchezo ungetoka wiki ya kuwapokea wahenga, katikati ya Agosti, wakati taifa zima linataka kutishwa ili lisahau joto. Mkurugenzi angeuliza ni nani aliyewaleta waandishi. Ningekohoa kidogo.

Nilimwarifu kwamba kuhani ana shughuli nyingi hadi karibu na mwisho wa mwezi. Alishangaa. Nikasema ni msimu wa harusi. Alishangaa zaidi, kwani nani anaoa kwenye mvua hii? Nikasema wapo. Alikubali.

Imebaki sura. Kuchora sijui. Ya Bi. Onuki siwezi kuiba. Anazijua kazi zake kama mama anavyojua wanawe.

Alhamisi, 11 Juni

Nimenunua wigi jeusi refu. Baada ya kazi nilikwenda kwenye kile kibanda cha picha za kubandika, kule wanakojaa wasichana wa shule. Nilipanga foleni nikiwa na suti. Nyuma yangu wasichana watatu wenye soksi za kulegea. Mmoja aliuliza, “Anko, unamsubiri mtoto wako?” Anko! Nina miaka ishirini na mitatu! Nikajibu kwa heshima kwamba niko kazini. Walicheka hadi wakashikana mabega.

Ndani nilivaa wigi, nikajipaka unga wa mchele, nikafungua mdomo kidogo kama nilivyoeleza katika sura ya tatu ya tasnifu. Mashine ilinitolea karatasi nzima ya nyuso zangu, zimezungushiwa mioyo ya waridi. Hiyo mioyo nimeikata kwa mkasi.

Matokeo yanatisha. Nimeigeuza karatasi kifudifudi ili nipate usingizi.

Ijumaa, 12 Juni

Saa ya chakula wote waliteremka kula tambi. Nilisingizia tumbo. Kwa skana niliiingiza sura, nikaifinya ikawa ndogo na chafu, nikaiweka mwisho wa korido ya ghorofa ya tatu. Namna ya kuweka vitu naijua, maana betri zote za mchezo nimeziweka mimi. Nilipomaliza, tumbo liliuma kweli.

Mchana Bwana Sugeno, mtunga programu wetu, aliujaribu mchezo. Nilisubiri mayowe.

Alifika koridoni. Akaiona. Akatafuna biskuti. “Hitilafu,” alisema.

Hitilafu tu! Nilimkumbusha kwa adabu kwamba kampuni haijatakaswa. Akanitazama. “Msomi, mimi nimekaa kwenye kazi hii miaka kumi. Sijawahi kukutana na mzimu. Wapumbavu walioweka kitu mahali pasipostahili, hao nimekutana nao kila wiki.” Kisha akatangaza kwamba haguswi na mtu, hali na mtu, na hafanyi kazi nyingine hadi aipate.

Hilo sikuwa nimelitarajia. Diski ya mchezo inatakiwa kiwandani kwa kunakiliwa mwisho wa mwezi. Tukikosa zamu yetu, tumeikosa Agosti.

Bi. Onuki naye alisogeza pua karibu na skrini. Alikaa pale muda mrefu. “Mimi sijaichora hii,” alisema. “Lakini huo mdomo nimeuona mahali.”

Niliufunga mdomo. Nimekaa nao umefungwa hadi jioni.

Jumatatu, 15 Juni

Nimeamua kuifuta. Sugeno hajaoga tangu Ijumaa na ameiacha kabisa kazi ya sauti, ambayo haijakamilika. Mwalimu mkuu bado anatembea bila vishindo. Kazi inakwama kwa sababu yangu! Sikulala. Saa ya chakula nilisingizia tumbo tena (Mkurugenzi amenishauri nimwone daktari), nikaifuta ile sura koridoni. Imetoka. Korido tupu. Nilivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Saa tisa Sugeno alipiga kelele.

Ilikuwa bafuni. Ghorofa ya chini ya bweni. Katika beseni. Sura ileile. Mimi sikuiweka bafuni!

Akaingia jikoni: kabatini, sura. Chumba cha kulala: chini ya mto, sura. Bi. Onuki alisimama juu ya kiti. Sugeno aliiokota moja kwa bahati mbaya na maandishi yakatokea chini ya skrini: “Betri. Bado ina nguvu.”

Hakuna aliyecheka. Sugeno, yule wa biskuti, alikuwa mweupe kuliko mimi nilivyokuwa na unga. “Hitilafu huwa haizaliani,” alisema taratibu. “Hii inazaliana.”

Nimeandika hapo juu kwamba nina shahada. Nimesoma mizimu miaka minne. Sikuwahi kufikiri kwamba mizimu nayo ingenisoma mimi. Nimejificha chooni kuandika haya. Kuna kioo. Sitakitazama.

Jumatano, 17 Juni

Hakuna anayegusa kompyuta kuu yenye mchezo. Mama wa hesabu, mhasibu wetu, amemwaga chumvi mlangoni kuzuia mizimu. Mkurugenzi hakungoja tena. Alipiga simu hekaluni mwenyewe. Nilisimama karibu nikijifanya nanoa penseli. Alizungumza, akasikiliza, akanigeukia. Kuhani amesema yuko huru tangu Mei. Na kwamba hakuna Hatanaka yeyote aliyewahi kumpigia.

Nilisema labda nilipiga hekalu lingine.

“Lipi?”

Nikasema lile kubwa.

“Lipi hilo kubwa?”

Bi. Onuki alidakia kwamba huenda ni kule wanakooa kwenye mvua. Watu walicheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Mkurugenzi alisema tutalizungumza baada ya utakaso. Utakaso ni kesho.

Nilijitolea kubeba matoleo: pombe, chumvi, mchele. Angalau nionekane nikibeba.

Alhamisi, 18 Juni

Naandika kwa shida.

Tulikwenda sote, suti nyeusi, miavuli. Kuhani alituketisha, akasoma jina la kampuni na anwani yetu mbele ya madhabahu kwa sauti ndefu, akapunga fimbo yake yenye karatasi nyeupe juu ya vichwa vyetu. Diski ilikuwa kwenye kimeza kitakatifu kati ya mchele na pombe. Nilihisi nafuu. Nilijiambia yamekwisha, nimetakaswa, hakuna atakayejua.

Ndipo Mkurugenzi alipofungua mkoba na kutoa karatasi kubwa. Alikuwa ameichapa ile sura. Kubwa kama dirisha! Akamwomba kuhani, kwa unyenyekevu, aichome pamoja na wanasesere wakuukuu na picha za marehemu, pale nyuma kwenye banda la moto.

Mimi ni msomi. Lakini mama yangu aliniambia tangu utotoni, na mama wa kila mtu humwambia hivyohivyo: picha ya mtu aliye hai haiingii moto ule. Moto ule ni wa kuwaaga waliokwisha kuondoka.

Tulilizunguka banda. Wanasesere walikuwa wanaungua. Kuhani aliishika picha kwa mikono miwili, akauliza kwa upole kama mwenye sura hii yu hai au amefariki.

“Hatujui, Mheshimiwa,” Mkurugenzi alisema. “Hatuna hakika hata kama ni mtu.”

Kuhani akaisogeza motoni. Ncha ya nywele ikaanza kujikunja.

“Msiichome!” Nilisikia sauti, na ilikuwa yangu. “Ni mimi! Huyo ni mimi!”

Mvua juu ya miavuli.

Sugeno akauliza, “Wewe ndiye nini?”

Nikasema mimi ndiye sura. Kwamba wigi ni la kununua. Kwamba unga ni wa mchele. Kwamba niko hai na naomba sana niendelee kuwa hivyo.

“Nilisema!” Bi. Onuki alipaza sauti hadi mwavuli ukapinduka. “Nilisema huo mdomo naujua! Anaunywea supu mbele yangu kila siku!”

Mkurugenzi alikuwa akitazama miti. Kuhani alinikabidhi picha kwa mikono miwili kama anayejitambulisha kwa kadi yake ya biashara. Nami niliipokea kwa mikono miwili, nikainama, na nusura nimpe kadi yangu. Kona imeungua. Sikio la kushoto linaniwasha tangu hapo.

Ijumaa, 19 Juni

Sugeno amepata chanzo kwa muda mfupi kuliko anaotumia kula biskuti moja. Vitu vyote vya mchezo vina namba. Nilipofuta sura yangu koridoni, nilifuta mahali pake na si picha yenyewe. Namba zikasogea, na picha ikakalia namba ya betri. Kila betri katika bweni zima imekuwa mimi.

Kwa hiyo haikuwa mizimu. Nilipaswa kufurahi.

“Siku zote hizi, msomi!” Sugeno alisema. “Siku zote hizi mimi natafuta mzimu, na mzimu unaniuliza kama nataka chai.” Hakukasirika sana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na hilo liliniuma kuliko ukali. Akaongeza kwamba vishindo vya mwalimu mkuu havitawahi tena.

Nimeomba radhi kwa kuinama mbele ya kila meza, moja baada ya nyingine. Bi. Onuki aliniuliza kama ule unga nilipakwa au nilijipaka mwenyewe. Akasema kwa kweli, kama kazi ya sura, haikuwa mbaya. Sijui kama ni sifa. Nimeiandika kama sifa.

Jumanne, 30 Juni

Siku ya hukumu.

Kwanza, mchezo. Zamu yetu kiwandani imepita na kampuni nyingine imeichukua. Bweni la Kaskazini litatoka Novemba, baridi ikiwa imeanza na watu wamekaa kwenye meza zenye moto chini wakimenya machungwa na hawataki kutishwa na chochote. Mkurugenzi alisema nakala zitakuwa chache, na kwamba huenda siku moja atakuwepo mtu mmoja huko mbali Hokkaido atakayeukumbuka mchezo huu. Alisema bila kunitazama. Wengine walitazama sakafu. Nilitaka kutokwa na machozi, kwa kuwa ni mchezo mzuri, na kwa kuwa lile “bado” litasomwa na mtu mmoja wa Hokkaido.

Pili, mimi. Nilikuwa nimekwisha kufunga vitu vyangu katika boksi. Mkurugenzi aliniita, akafunga mlango, akazungusha kikombe cha chai.

“Nikikufukuza leo, nani atazirudisha hizo betri?” aliuliza.

Nikasema mimi, Bosi.

“Basi kazirudishe. Moja moja. Sugeno akiwa kando yako. Sikuthibitishi. Sikufukuzi. Majaribio yako yanaendelea hadi Septemba, na kesho naenda Tokyo kuwaomba radhi wasambazaji. Hadi nirudi usiguse kompyuta ukiwa peke yako. Tumeelewana, Hatanaka?”

Tumeelewana kabisa! Niliinama hadi paji likagusa meza. Miezi mitatu zaidi! Nimeuliza ofisini: katika historia ya kampuni hakuna hata mmoja aliyewahi kuongezewa majaribio. Bi. Onuki alithibitishwa kwa kawaida tu, kama mtu yeyote. Mimi bado napimwa, na kinachopimwa kwa muda mrefu ni kitu cha thamani. Nimemwandikia mama hivyo.

Tena nimelifikiri suala la Novemba kwa utulivu. Tatizo halikuwa wazo. Wazo lilikuwa imara, lilikosa mwathirika. Sura peke yake haitoshi kumtoa mhariri ofisini kwake. Lakini mfanyakazi kijana ambaye picha yake ilitiwa motoni hekaluni akiwa hai, mbele ya mashahidi saba na kuhani! Hayo yote ni ya kweli. Sijaongeza neno.

Kompyuta sijaigusa. Nimetumia simu ya mkahawa wa chini. Jarida la kwanza lilikata simu. La pili liliuliza hali yangu ikoje. Nilisema kwamba kwa sasa sipendi kuonekana na watu.

Wanakuja Ijumaa na mpiga picha. Nimenunua bandeji ya kutosha uso mzima.