Siku Kompyuta ya Maktaba Ilipovuliwa Kitambaa

Tegeni masikio, enyi wa Nyeri na viunga vyake, nanyi wa Kagio mnaopanga nyanya, wekeni debe chini. Maana nasimulia vita vilivyopiganwa mwaka wa tisini na saba katika maktaba ya chuo kikuu kimoja chini ya Mlima, vita ambavyo havikumwaga damu wala chai.

Humo maktabani mlikuwa na kompyuta, zawadi ya wafadhili, iliyoletwa ili wanafunzi wajifunze kuchora ramani. Kwa miaka miwili ilitukuka chini ya kitambaa cheupe cha kufumwa, ikapanguswa vumbi kila Ijumaa, ikaonyeshwa wageni, na haikumfundisha mtu yeyote kitu chochote. Mlinzi wake alikuwa Mama Wakonyo, mkutubi wa funguo kumi na nne, shujaa wa warsha ya kompyuta ya siku tatu kule Nanyuki, ambaye cheti chake kilining'inia ukutani.

Ndipo akatokea Watiri binti Nderitu, mwanafunzi mpima chemchemi, aliyekizunguka kijiji chote cha Gatitu kwa miguu akiwa na dira. Akavua viatu mlangoni, kama sheria ya chumba ilivyoamuru, na kidole gumba kikachungulia kutoka kwenye soksi.

"Mama," akanena, "mwalimu amekataa ramani ya mkono. Saa kumi na moja nisipopeleka ya kompyuta, narudia mwaka, na baba ashaambia Gatitu yote nagraduate December."

"Msichana yangu," akanguruma Mama Wakonyo, "hii kompyuta iko na miaka mbili hapa na haijawahi haribika hata siku moja. Unajua ni kwa nini? Haijawahi washwa!"

Nani angeishinda hoja kama hiyo? Watiri alilia tu, wala mimi simcheki kwa hilo. Mama Wakonyo akautazama mlango, kisha akasema polepole, "Mimi naogopa hiyo kitu. Nanyuki tuliangalia tu mwalimu akibonyeza." Hata hivyo akatoa daftari lake la warsha.

Wakakishika kitambaa, huyu pembe hii, yule pembe ile, wakakiondoa. Mashine ikaamka. Watiri akaingiza vipimo vya chemchemi kumi na mbili, kila moja namba mbili, ya kaskazini na ya mashariki, na lo! zote zikaangukia mbali na Gatitu, mahali pasipo na mtu wala ndoo.

"Ati Gatitu iko huko?" akafoka Mama Wakonyo. "Mimi nimechota maji hapo tangu nikiwa mdogo!" Akafungua daftari, kidole kikitembea juu ya mistari. "Niliandika hapa: mashariki kwanza, kaskazini baadaye. Wewe umegeuza!"

Wakarekebisha, na chemchemi zote zikarudi nyumbani. Mama Wakonyo akacheka kama msichana.

Printa iliyokuwa kando ya kompyuta ikapiga kelele mpaka saa kumi na dakika hamsini. Watiri akanyakua karatasi, akavuka uwanja wa chuo bila viatu. Mwalimu akaitazama ramani, akakitazama kile kidole, akatia sahihi.

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe: Jumatatu iliyofuata mlangoni palikuwa na viatu jozi saba, na kile kitambaa kilikuwa kimefunika sukari ya Mama Wakonyo.