Friji Letu Halina Kosa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Usalama wa Bidhaa.

Mheshimiwa,

YAH: KUPINGA SHEMEJI YANGU KUSHIRIKISHWA KATIKA KANZIDATA YA BIDHAA HATARI

Pole na majukumu. Mimi ni fundi viatu, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Nilisikia kwenye redio tangazo lako kwamba serikali inatengeneza kanzidata, yaani orodha ya kwenye kompyuta ambayo kila mtu ataisoma kabla ya kununua kitu, na kwamba sisi wananchi tuijenge pamoja kwa kuleta maoni na taarifa. Nilipiga makofi peke yangu kibandani. Sikujua kwamba mwananchi wa kwanza kuitika angekuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na kwamba angeliripoti friji letu. Sasa nimeambiwa Ijumaa maofisa wako wanakuja kulichukua wakalipime. Napinga kwa sababu hizi:

1. Friji halina kosa. Ni kweli linapiga shoti, lakini linapiga kwa utaratibu. Nimelishonea kandambili za raba nene, zinakaa mbele ya mlango wake, na anayetaka kulifungua huzivaa kwanza. Hata kitinda mimba wangu, asiyejua bado kufunga vifungo vya shati, anajua kandambili za friji. Shemeji alikuja kututembelea wikiendi moja, na huu ni mwezi wa saba. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila sisi hatuna shamba. Siku aliyopigwa alikuwa pekupeku, anafuata paja la kuku lisilo lake.

2. Fomu yenu ina nafasi ya kuandika madhara, haina nafasi ya manufaa. Tangu friji lianze kupiga shoti, maziwa yanafika asubuhi bila kunywewa usiku. Kwa kuwa kandambili ni pea moja, hatugombani jikoni; aliyezivaa ndiye mwenye zamu. Mama mkwe, ambaye zamani alikuwa akikagua sufuria zetu hadi mifuniko, siku hizi anakaa sebuleni na kuomba maji kwa adabu.

3. Hamkueleza mwananchi ni nani. Napendekeza awe mtu aliyewahi kununua kitu. Shemeji hajanunua hata kiberiti. Mkimwachia, kesho ataripoti godoro letu kwa kuwa lina bonde, keshokutwa ataniripoti mimi.

4. Kila bidhaa ipewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuandikwa, na isiyojua kusema isemewe na mwenye nyumba. Mlalamikaji naye aingizwe kwenye kanzidata, uandikwe ulaji wake na muda anaokaa kwa watu, ili familia nyingine zisome kabla ya kumkaribisha. Ingawa, kwa haki ya Mungu, shemeji hali sana kama inavyodaiwa, na vyombo anaosha.

5. Kwa hiyo naomba kanzidata hii ijengwe bila wananchi kabisa. Wananchi ndio wanaopigwa shoti, hivyo hawawezi kusema bila upendeleo. Waulizeni watengenezaji, wao hawajalalamika hata siku moja. Nalipenda friji hili, Mheshimiwa. Ndicho kitu kikubwa cha kwanza mimi na mke wangu kununua pamoja, na sitaki kuliona linabebwa kama mwizi.

Nisalimie makarani, walinzi, madereva na yule mtangazaji mwenye sauti nzuri.

Wako mtiifu, japo sikushirikishwa,
Fundi Viatu.

N.B. Utaona mwandiko umebadilika kuanzia jambo la nne. Nilipomaliza la tatu nilikwenda kunywa maji, na kwa hasira nikasahau kandambili. Shemeji ndiye aliyenibandua mlangoni kwa mpini wa ufagio, akanilaza kwenye kochi, akanipepea mpaka nikatambua watoto wangu. Mkono wa kulia bado una ganzi, kwa hiyo yeye ananiandikia neno kwa neno, isipokuwa ile sentensi ya vyombo, ambayo sikuisema. Mke wangu analia na kunigombeza kwa pamoja. Anasema Ijumaa ni mbali, njooni kesho asubuhi. Na kwenye kanzidata, panapoulizwa nani ameripoti, andikeni wananchi wawili.