Kibao cha Njiani Kilichohamia Sebuleni Kwangu

Kwa Afisa Mipango wa mtaa wetu mpya.

Ndugu Afisa,

KUHUSU: OMBI LA KUFUNGWA KWA NJIA YA MIGUU NA BAISKELI NYUMA YA JIKO LANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kiti chako bado ni chako. Changu kimeshachukuliwa, na aliyekichukua alipita kwenye njia yako.

Kabla ya kuhamia hapa niliikagua ramani kwa makini zaidi kuliko nilivyokagua mabomba ya maji. Mama mkwe anaishi upande wa pili wa ukuta, lakini kwa barabara ya magari ilimbidi azunguke mtaa mzima, na kwa magoti yake mabovu tulikuwa tukionana kwenye harusi na misiba tu. Nampenda na kumheshimu sana, na umbali ule ulisaidia. Kisha ofisi yako ikatoboa ukuta, ikapitisha njia, ikapanda maua kandokando, na kusimika kibao: MWENDA KWA MIGUU ANA KIPAUMBELE. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibao hakisemi kipaumbele kinaishia wapi. Mama mkwe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na husoma kila kilichoandikwa. Ameelewa kwamba kipaumbele anatembea nacho mpaka anakokwenda, na anakokwenda ni kwangu. Basi ana kipaumbele cha kiti changu, cha rimoti, na cha paja la kuku. Mkwe ni mkwe, siwezi kumwambia asimame. Wewe si mkwe wangu, ndiyo maana nakuandikia.

2. Elimu hiyo imesambaa. Mke wangu ametangaza kwamba kwa kuwa narudi kazini kwa gari, niwapishe wote waliokuja mezani kwa miguu. Nilieleza kwamba kutoka kwenye gari hadi mezani nami hutembea. Wakaniuliza kama nilipita kwenye njia iliyoidhinishwa.

3. Mlipochora mstari wa baiskeli, mama mkwe aliona si vizuri nusu ya njia ikae bure. Akajipatia baiskeli ya magurudumu matatu, yenye kengele. Sasa anafika kabla sijavaa shati. Jirani yangu, ambaye ni fundi saa, ameniambia kwa upole kwamba siku hizi anaamshwa na kengele yetu.

4. Baiskeli ina kikapu. Huja na mboga, huondoka na mashati yangu ambayo yeye anaona yamechakaa. Juzi nilikutana na shati langu la bluu, limevaliwa na mtunza maua wenu. Likanisalimia kwa adabu, nikaitikia.

5. Salamu zenyewe ni balaa. Nikiwa ndani ya gari, honi moja ilitosha mtaa mzima. Siku niliyopita njia hiyo kukusanya ushahidi, nilisimamishwa na watu nisiowajua, wote wakiulizia magoti ya mama mkwe. Kumbe yamepona. Ramani yenu haikututahadharisha kwamba njia hiyo inatibu.

Kwa hiyo naomba ukuta uzibwe. Ikishindikana, njia izungushwe mtaa mzima na iwekewe vilima. Na hata hilo likishindikana, kibao kiongezwe maneno: ISIPOKUWA KWENYE VITI.

Nisalimie wote ofisini: aliyechora njia, aliyepanda maua, na hasa aliyeandika kibao. Mwambie namkumbuka kila jioni.

Ni mimi ninayekaa kwenye stuli,
Mkazi wa nyumba ya kona.

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, lori la wajenzi wenu lilimwaga rundo la kokoto katikati ya njia. Tangu hapo kengele haijalia. Kiti nimekirudia, na sikujua kama ni kikubwa hivi. Paja la kuku limebaki kwenye sahani, kila mtu anamwachia mwenziwe. Jana nilimfuata mama mkwe kwa gari, akakataa kupanda. Alisema gari halina kipaumbele. Tafadhali tumeni watu waziondoe kokoto leo hii. Wakichelewa, beleshi ninalo na nimeshaanza upande wangu, na kwa ninavyosikia, upande wa pili kuna mtu ameanza kabla yangu.