Kiti cha Dirishani na Maji Yaliyobanwa

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu wa maabara kaja kutusalimia. Kasema huko wanabana maji kwenye nafasi nyembamba kuliko unywele mara maelfu, na yakishabanwa hivyo yanakuwa mavivu kuitikia umeme. Alikuwa bado anaeleza. Sikungoja. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme mstaafu, alikuwa amejimwaga kwenye kiti changu cha dirishani, kile chenye mto. Nikamwambia maji yakibanwa hayapitishi umeme. Alicheka mpaka akakohoa. Tukawekeana dau, tupitishe umeme kwenye maji yaliyobanwa: balbu ikiwaka, kiti ni chake moja kwa moja. Isipowaka, ahamie kwenye kigoda cha mlangoni.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafuta betri, balbu ya tochi na nyaya. Nimeazima jiliwa kwa seremala, lile dude la chuma la kubania mbao. Shemeji akataka kwanza tupime maji ya kikombe. Balbu kimya. Nikajitangazia ushindi. Akaniuliza, shemeji, haya nayo umeyabana kwa kitu gani, macho? Akatia chumvi, vijiko vitatu. Ikawaka kidogo, kama jicho la mgonjwa. Basi tukakubaliana maji ya chumvi. Ana mdomo huyu mtu.

Jumatano, 5 Machi
Siku yenyewe. Vifuniko viwili vya makopo ya rangi, tone la maji ya chumvi katikati, waya huku, waya kule. Nikakaza jiliwa. Balbu hafifu. Nikakaza tena mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Ikawaka kama taa ya lori! Shemeji alikwenda kuupigapiga mto wa kiti.

Alhamisi, 6 Machi
Binti karudi. Kasema, baba, maji yalishakimbia yote, vifuniko vimegusana, umepitisha umeme kwenye bati. Tena uvivu wenyewe ni pale umeme unapoikatiza ile nafasi nyembamba, toka ukuta mmoja hadi wa pili. Kwa kufuata urefu wa nafasi maji yanachangamka kupita kawaida. Nikamshukuru. Kumbe upande nilipatia, ila nilibana kupita kiasi.

Kigoda si kibaya. Mlangoni kuna upepo, na wapita njia wote wananisalimia mimi kwanza. Kesho natumia vifuniko vitatu na majiliwa mawili. Shemeji kasema safari hii tuwekeane kitanda changu. Nimekubali palepale. Mke wangu tutamwambia nikishashinda.