Mie, Ba na Maji ya Ganga

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leo Ba, bibi wa Kihindi ninayempikia, katangaza. Kavaa sari nyeupe ya kutokea, kakaa mezani kama mwenyekiti wa kijiji, kasema anataka kwenda Kashi. Mie nikasikia kashikashi. Nikamwambia jamani Ba, kashikashi za nini tena, si mwaka tumeumaliza salama? Akacheka mpaka miwani ikashuka.

Kumbe Kashi ni mji. Uko India, umejaa mahekalu, mkongwe hata hawajui ulianza lini, na umekaa kando ya mto unaitwa Ganga. Watu wa dini yake wanatamani wakaoge pale walau mara moja kabla hawajafa. Ba ana themanini na moja, hajawahi. Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani, alimwahidi kila mwaka. Kila mwaka zikaja oda za sare za shule.

Sasa ishu ni mwanawe. Haresh anaishi Uingereza, na Pasaka anakuja kumchukua mama yake jumla, wakakae wote kwenye baridi. Ba kakubali, kwani afanyeje, ni mtoto wake mmoja. Ila kasema Kashi kwanza. Haresh kajibu sawa, lakini apatikane mtu wa kwenda naye, mwenye akili, anayejua Kihindi. La sivyo asahau.

Mie nampikia Ba kwake Tabata tangu Asifiwe wangu ananyonya. Leo Asifiwe ana saluni yake Chanika. Ba akihamia Uingereza hajauona huo mto, atakufa na kiu yake. Mie niangalie tu, nimekunja mikono? Haiwezekani!

Nikasema hapohapo: Ba, mie Kihindi najua.

Sijui kwa nini nilisema. (Najua. Sijawahi kupanda ndege.)

Jumanne, 13 Januari

Felicitas kasikia. Nani kamwambia? Huyu hujaga Jumanne na Ijumaa kumkanda Ba miguu. Mhaya wa Bukoba, kamaliza kidato cha nne, na alishafikaga Muscat, jambo ambalo atakwambia hata ukimuuliza bei ya nyanya. Kasema yeye yuko tayari hata kesho, pasipoti anayo. Kisha kaniomba, kwa sauti ya asali, nihesabu moja mpaka kumi kwa Kihindi Ba asikie.

Nikamjibu kwamba Kihindi changu ni cha jikoni. Jikoni hatuhesabu, tunaonja.

Ba akanitazama juu ya miwani. Huyu bibi kazaliwa Tanga, Kiswahili chake kinanishinda hata mie Mnyakyusa, lakini akinyamaza ndo anasema zaidi.

Nimerudi nyumbani Chanika nikajipima. Maneno ninayo. Pani ni maji. Garam ni moto. Chalo ni twende. Bas ni basi ileile yetu. Na mtu akikwambia kem cho, kakujulia hali, unamjibu majama, yaani mzima kabisa, raha mustarehe. Kwa maneno hayo mtu anafika India na kurudi. Wangapi wanakwendaga Kariakoo na machache zaidi?

Alhamisi, 15 Januari

Sharti limetoka jana. Anayekwenda Kashi asafishe kinywa kwanza. Nyama hapana, samaki hapana, mayai hapana, kitunguu hapana, saumu hapana, mpaka safari iishe. Nikasema hilo tu? Nimekula wali na bamia siku ya pili leo. Nimeanza kuwaota kuku, na wanavyonitazama ni kama wananidai.

Kuna jambo jingine. Ba haendi mbali kwa miguu, atakwenda kwa kiti cha magurudumu, na huko mtoni ni ngazi na miteremko. Nikawaza: Felicitas hajawahi kusukuma kitu. Mie nitafanya mazoezi. Nikaazima toroli la mafundi wanaojenga jirani, nikamwomba Mauwa apande. Mauwa ni rafiki yangu wa mlango kwa mlango, Mmakonde, mwenye mwili wake na moyo wake. Akapanda. Akajifunga khanga vizuri kama bibi harusi.

Njia ya kwenda kisimani ni mteremko. Nilikuwa nimeusahau huo mteremko. Toroli halikuwa limeusahau.

Mauwa kaishia kwenye tope la mafundi. Watu wakajaa, wengine wanapiga kelele mgonjwa apelekwe zahanati. Akainuka polepole, akatoa udongo sikioni, akaniuliza: mama wa watu, nimekukosea nini? Nikamwambia ukweli: najifunza kumsukuma Ba, tunakwenda mbali, tukachote maji ya Ganga.

Akanitazama vibaya kuliko alivyolitazama tope. Mbona?

Jumapili, 18 Januari

Sasa nimejua mbona.

Kanisani nimekaa peke yangu benchi zima. Ibada ilipoisha akina mama wakanizunguka, Mama Genoveva mbele, yule mwenyekiti wetu. Kasema wamesikia. Nyama sili. Watu nawamwaga kutoka kwenye matoroli. Na sasa navuka bahari kufuata maji ya mganga.

Nikapiga kelele: Ganga! Si mganga! Ni jina la mto! Mama Genoveva akasema Ganga ni mganga yuleyule, kaacha tu herufi nyumbani ili asijulikane.

Wakaniombea. Nimewahi kuombewa, lakini si namna hii. Kuna mmoja alikishika kichwa changu akakitikisa kama dafu, rasta mbili alizonisuka Asifiwe zikatoka. Nikasema amina mapema ili nisibaki na upara.

Haya, subiri sasa. Magharibi hodi. Nani? Mama Genoveva! Kaja peke yake, kajitanda khanga mpaka puani. Akauliza habari za watoto, akauliza habari za mvua, mwisho akatoa chupa tupu kwapani. Eti hayo maji... yanasaidiaga magoti?

Nikamwambia ni maji ya watu wa dini ya Ba, wanayaheshimu sana, mie sijui mambo ya magoti. Akasema amenielewa. Chupa hakuichukua.

Hajafika barabarani kaja mwingine, wa mgongo. Mwingine mwanawe hafaulu hesabu. Mauwa naye kaja na dumu la lita ishirini, kasema ni fidia ya tope. Asifiwe kaangalia sebule ilivyojaa, akaniuliza mama, mnakwenda India au mnakwenda bombani?

Nimewakubalia wote. Mtu anakuja anachechemea na chupa yake, utamwambiaje hapana?

Jumanne, 20 Januari

Siku mbaya!

Felicitas kafika na kikopo, kanikuta jikoni. Kajifanya ndugu. Eti katumiwa zawadi kutoka kwao Bukoba, nionje kidogo. Nikafungua. Senene, wale panzi wa kwao! Wamekaangwa vizuri, wanang'aa, wana chumvi. Mie na siku zangu za bamia.

Nikafikiri kwa haraka. Senene si nyama, hachinjwi. Si samaki, haogelei. Anaishi kwenye majani, anakula majani, analala kwenye majani. Basi senene ni mboga ya majani! Nikatia kiganja kimoja kinywani.

Felicitas hapohapo: Ba! Ba! Njoo uone!

Ba kaja na fimbo yake. Nikajitetea mdomo umejaa. Kasikiliza hoja yangu yote ya majani, kisha kasema kwa upole kwamba mboga haina magoti.

Kisha Felicitas akamalizia. Kasema Chanika nzima wanajua Mama Asifiwe anakusanya madumu, eti mto mtakatifu anaufanya dawa ya kienyeji. Ba akanyamaza. Kunyamaza kule! Bora angenirushia hiyo fimbo.

Nikaona safari imekufa, na mie ndo nimeiua. Nikamweleza tu. Nikasema Ba, kwetu sie kuganga ni kutibu. Nimetaja jina la mto wako, watu wamesikia kutibiwa. Wana magoti, wana migongo, nikashindwa kuwafukuza. Sikumdharau mtu.

Ba akakaa kwenye kigoda changu cha kukunia nazi, ambacho hajawahi kukikalia. Akasema wao huo mto wanauita Mama. Ganga ni Mama. Akafikiri kidogo, akasema tena: na mama kazi yake nini, kama si kuganga?

Lakini madumu hapana. Kasema chupa moja ndogo, kila mtu tone, na anayeumwa goti aende pia hospitali. Na mie nikaoge, nianze upya kinywa changu. Senene kamrudishia Felicitas.

Nimeoga mara mbili. Nimewawaza wale senene mara nyingi zaidi.

Alhamisi, 22 Januari

Haresh kapiga simu ya video leo, ya kumkagua huyo mtu wa kwenda na mama yake. Simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Felicitas kaja, na si siku yake! Eti kapitia tu. Mtu anapitia tu Tabata akiwa kapaka wanja?

Nimekaa wima. Nimefunga kitambaa kipya. Haresh akatokea, kanenepa, macho yaleyale ya Ba. Akasema kem cho?

Majama! nikajibu. Uso wake ukafunguka. Nikamwona moyoni kasema naam, huyu ndiye.

Ndo akaanza kuongea. Mbio kama mvua kwenye bati. Sikushika hata neno. Alipomaliza nikatabasamu, nikatikisa kichwa kama Ba anavyotikisaga. Majama!

Akakunja uso kidogo. Akauliza kingine. Majama.

Akasogea karibu na simu, macho yamekuwa mekundu, akauliza taratibu sana, neno kwa neno. Nikajua huyu hasikii, mtandao wa huko mbovu. Nikapaza sauti nyumba nzima isikie:

MAJAMA!

Felicitas akajiziba mdomo kwa upande wa gauni. Ba katazama meza. Hapo nikajua nimekanyaga kitu.

Haresh akahama, akaongea Kiswahili cha Kariakoo alikokulia. Kasema: nimekuuliza mama yangu anaangukaga? Unasema majama. Nimekuuliza moyo wake unamsumbua? Majama. Nimekuuliza mama yangu akifia huko Kashi, mbali na mie, itakuwaje? Unanipigia kelele, majama!

Mungu wangu! Nilitamani niingie kwenye oveni nijifungie.

Nikamwambia mwanangu Haresh, Kihindi changu leo kimeamka vibaya. Lakini mama yako namjua. Goti la kushoto ndo linalotangulia kugoma. Lifti anaiogopa, hasemi. Akisema hasikii njaa ujue kamkumbuka baba yako, mpikie mchele na choroko, utamwona anakula. Akianguka huko ataniangukia mie, nina mwili, hataumia.

Haresh akafuta macho. Akasema asante mama, lakini hapana. Safari hakuna.

Hakuna! Hivihivi! Nikamwangalia Ba, na Ba kachukua simu kwa mikono miwili. Akaongea Kihindi chao, taratibu, muda mrefu. Haresh kainamisha kichwa. Kisha Ba akageuka, akatuambia kwa Kiswahili na sie tusikie. Kasema kwao anayefia Kashi ndo kafunguliwa, kapumzika moja kwa moja, hazaliwi tena kuja kuteseka. Tangu mtoto anaelezwa hayo na makuhani kwa maneno marefu. Leo Tupokigwe, ndo mie huyo, kayamaliza kwa neno moja. Nikifia Kashi itakuwaje? Majama!

Akaanza kucheka. Haresh akacheka huku analia. Mie nikalia huku nacheka. Haresh kasema nendeni. Nendeni kabla joto la huko halijakaza. Tiketi atakata yeye.

Nikamgeukia Felicitas ili anione vizuri. Hapo Ba akasema na Felicitas naye aje, tunahitaji mtu wa kusoma vibao.

Jamani! Hata kwenye furaha kuna kokoto.

Jumatatu, 26 Januari

Nimepiga picha ya pasipoti. Nimetoka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu, lakini yule kijana kasema inafaa. Ba kaimba jikoni leo. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akiimba.

Katueleza itakavyokuwa. Alfajiri tutamteremsha ngazini, Felicitas huku, mie huku, aingie majini ajichovye. Kasema maji yana nguvu, yatatufika kiunoni. Felicitas akadakia kwamba yeye hana shida, kakulia Ziwa Victoria, anaogelea kama sato. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya asali, je, mwenzangu?

Ningefanyaje? Nikasema mie kwetu ni Ziwa Nyasa, tunaogelea kabla hatujatambaa. Ba kafurahi sana, kasema basi Tupo ndiye atanishika mkono.

Nimemsimulia Asifiwe. Kasema mama, wewe si wa Tukuyu, milimani? Na wewe si ndo unaogopaga beseni? Watoto wa siku hizi hawana imani. Kesho naanza mazoezi kwenye pipa la mvua. Mauwa kakubali kunishika miguu, mradi toroli lisiwepo.

Mama Genoveva kapita jioni, anachechemea, kauliza kama ni kweli inaletwa chupa moja tu. Nikamwambia kwa wengine ndo hivyo, ila yeye asiwe na wasiwasi, la kwake nitalileta dumu zima. Lile la lita ishirini, Mauwa kasamehe fidia yake, kaniachia. Nitalifunga khanga nilipakate kama mtoto. Asifiwe kaniuliza uwanja wa ndege nitalipitishaje, wakinihoji kwa Kiingereza nitajibu nini.

Kwani kuna shida gani? Nitatabasamu, nitatikisa kichwa.

Majama.