Upepo wa Matairi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Daktari wa macho amempiga marufuku baba mkwe kuendesha gari. Jana, baada ya chakula, mzee alitukusanya sebuleni akatangaza kwamba gari lake la spoti, lile la kijani la viti viwili, litakwenda kwa mmoja wa wakwe zake. Wakwe wenyewe ni wawili. Mimi, muuza magodoro. Na mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, daktari wa meno, ambaye hachoki kutukumbusha kuwa ni daktari.

Jumapili ijayo, kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, kila mmoja atalipitisha gari katikati ya koni za barabarani huku mzee amekaa pembeni yake. Amesema macho hayaoni vizuri, lakini aliyefundisha udereva maisha yake yote huhukumu kwa mwili. Mazoezi: mimi Jumanne na Jumatano, Daktari Alhamisi na Ijumaa.

Nimeshachagua mahali pa kuliegesha mbele ya duka. Magodoro yatajiuza yenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimelichukua asubuhi. Zuri mno. Ila gumu! Nimepita juu ya kokoto moja nikalijua umbo lake. Mtu wa magodoro hahitaji kuambiwa. Tairi ni nini kama si godoro la mviringo? Mlangoni kuna kibandiko kinachosema upepo unaotakiwa, lakini hicho kimeandikwa na mtu asiyeujua mgongo wangu. Nikatoa upepo matairi yote manne mpaka yakaota vitambi.

Barabara iliyonyooka: raha tupu. Kona ya kwanza: si raha. Nilizungusha usukani, gari likafikiri kwanza, ndipo likageuka, kama karani anayemsubiri mkubwa wake atoke mkutanoni. Matairi yakalia. Nilipofika nyumbani yalikuwa ya moto kama pasi.

Mke wangu akayagusa, akauliza kama nimetoa upepo. Nikasema hapana. Akasema basi ni ajabu, maana tairi likikosa upepo ubavu wake hujikunja kwenye kona, na dereva anabaki kuongea na mtu aliyelala. Huyu ni binti wa mwalimu wa udereva, ana maneno. Nilikuwa nawaza.

Jumatano, 5 Machi

Nimeelewa kosa. Kama laini ni vibaya, basi gumu ni vizuri. Nimekwenda kituo cha mafuta nikajaza, nikajaza. Mhudumu akaniuliza kama nimelileta kwa niaba ya lori. Nikamwambia aangalie kazi yake.

Mwanzoni, maajabu. Gusa usukani tu, gari limeshageuka. Nilijiona bingwa. Kisha nikafika kwenye mzunguko wa barabara, penye lami yenye mabaka. Gari likaruka kidogo, kama mbuzi. Likaruka tena. Mara mkia ukaamua kutangulia. Nilipofumbua macho nilikuwa natazamana na lori la maziwa ambalo muda mfupi kabla lilikuwa nyuma yangu. Dereva wake akanipungia mkono. Na mimi nikampungia. Ungefanya nini?

Nikakaa pembeni ya barabara, na hapo ndipo wazo liliponijia. Upepo ukizidi, tairi hugusa lami kwa kipande kidogo tu cha katikati, na gari huteleza. Mimi nimejua. Daktari hajui. Na kesho gari ni lake.

Nimepunguza ya mbele. Ya nyuma nimeyaacha kama mawe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkabidhi Daktari funguo kwa tabasamu. Hakuangalia matairi. Huyu haangalii kitu kisichokuwa na fizi. Nikamtakia safari njema, nikarudi dukani kusubiri habari.

Habari zimekuja jioni. Shemeji amempigia dada yake kusema kwamba mumewe amefurahi kupita kiasi, gari limetulia, halina neno. Mke wangu akauliza alikuwa anakwenda mwendo gani. Kumbe alipitwa na mama mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. Tena kwenye mlima.

Hili sikulitarajia. Mtu akienda kwa mwendo wa jeneza, matairi yawe mawe, yawe maboga, hayana la kumfanya. Halafu amelipeleka gari likaoshwa na kung'arishwa. Na amemnunulia mzee mto wa kuegemea. Mto! Mimi ndiye muuza magodoro, na mto kanunua yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Jioni nimepita kwa baba mkwe kupima hali ya hewa. Nimemkuta bandani, gari limesharudishwa, yeye kakaa ndani yake kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa. Mikono ipo kwenye usukani. Akanikaribisha nikae pembeni.

Tukakaa. Akanisimulia alivyolinunua kabla mke wangu hajazaliwa, na jinsi marehemu mama mkwe alivyomnunia wiki nzima, kisha akaomba afundishwe. Akasema watu wanaisifu injini, wengine rangi, lakini kinachoshika ardhi ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja sawa na kiganja. Akaniwekea kiganja chake gotini.

"Mwanangu, ukivitunza hivi vinne, gari litakusikia. Ukivichezea, hutajua limekosea wapi."

Nikampenda sana yule mzee. Nikaapa moyoni kwamba gari lake halitaangukia mikononi mwa mtu asiyestahili. Ni lazima Daktari azuiwe.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango umekamilika. Mzee alisema Daktari anaanza, mimi nafuata. Mchana, baba mkwe alipolala, nimeingia bandani na kutoa upepo matairi ya mbele mpaka karibu na mwisho. Usukani sasa mzito kama kinu. Hata mwendo wa jeneza hautamsaidia, atazoa koni zote. Zamu yangu ikikaribia nitajifanya nafuta vioo, nichomoe pampu ya mguu kwenye begi, niyarudishe sawasawa mbele na nyuma. Nani atashuku mtu anayefuta vioo?

Mke wangu ameuliza pampu yake imekwenda wapi. Nimesema nimeiazimisha. Akaniuliza kwa nani. Nikapatwa na kikohozi.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Uwanja ulikuwa tayari. Koni zimepangwa, kona moja kubwa mwishoni, mbele ya ukuta wa ghala. Daktari amevaa glavu za ngozi. Mzee akashika mlango wa gari, akafikiri kidogo, kisha akasema amebadili mawazo: mume wa mkubwa ataanza.

Mume wa mkubwa ni mimi.

Nikasema ningependa kufuta vioo kwanza. Mzee akasema yeye vioo haoni, tuondoke.

Koni ya kwanza niliizoa. Ya pili ilijiunga na ya kwanza chini ya gari. Nazungusha usukani, gari linakwenda moja kwa moja kama lina miadi mahali pengine. Nikaongeza mwendo, nikidhani litazinduka. Tukafika kwenye kona kubwa. Mbele kumelala, nyuma kunateleza. Tukazunguka mara moja, mara ya pili, tukasimama kwenye magugu, mgongo kwa ukuta. Vumbi likapita polepole.

Mzee alikuwa ameshika mto wa Daktari kwa mikono miwili. Kisha akasema taratibu, "Ya mbele matupu, ya nyuma yamekakamaa. Nani ameyagusa?"

Nikasema huenda ni hali ya hewa. Akageuza uso kunielekea, na kwa mtu asiyeona vizuri, aliniona vizuri sana.

Mke wangu akaja kwa miguu kutoka upande wa pili wa uwanja. Akafungua begi langu, akatoa pampu yake, akasoma kibandiko cha mlangoni, akayashughulikia matairi yote manne huku mimi nikiokota koni. Kisha Daktari akaingia. Hakugusa koni hata moja. Alikwenda polepole kiasi kwamba mzee alisinzia, na waliporudi akauliza kama wameshaondoka.

Shemeji akaanza kupiga makofi. Mzee akainua mkono. Akasema gari bado halijaendeshwa leo. Akamwita mke wangu, akamwambia akae kwenye usukani.

Sijui niandikeje. Lilikuwa gari lilelile, lakini lilipita kati ya zile koni kama uzi kwenye tundu la sindano. Kwenye kona kubwa halikuteleza wala halikusita. Na tukasikia mzee anacheka. Tangu siku ile ya daktari wa macho hajacheka, na sasa tulimsikia kutoka ng'ambo ya uwanja.

Waliposhuka mzee akampa funguo mkononi. Akamwambia, "Nilidhani hulitaki."

"Hukuniuliza, Baba."

Mzee akafuta macho. Daktari akavua glavu. Njiani kurudi, mke wangu akaniambia neno moja tu: kesho atanipeleka kazini, na nisiguse valvu za matairi. Nikaahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepelekwa kazini kwa gari la spoti. Majirani wote wa duka wametoka kuangalia. Nimeshuka polepole ili wasipitwe.

Ahadi ni ahadi. Matairi sijayagusa na sitayagusa. Nimejifunza na nimekuwa mtu mpya. Lakini leo, wateja walipopungua, nimesoma makala moja nzuri kuhusu uzito. Kumbe siri ya kona si upepo peke yake! Kila kilo unayoondoa, gari linakuwa jepesi, usukani unachangamka. Na mke wangu ameliacha gari nyuma ya duka, yupo saluni hapo jirani, kichwa kimeshaingia kwenye mashine.

Nimetafuta kitu kizito kisicho na kazi. Kiti cha abiria. Skrubu nne tu, zimetoka bila ubishi. Kimekaa stoo, nimekifunika vizuri.

Sasa hivi baba mkwe amepiga simu. Anataka binti yake akitoka saluni ampitie, wakatembee hadi jioni, anasema amelala usingizi mzuri na anasikia hamu ya kona. Nimemwambia ajiandae. Nimemwambia pia kuna maboresho madogo, sikutaka kumharibia furaha kwa kueleza zaidi.

Ataihisi tofauti mara tu atakapoingia.