Kichwa cha Kulia na Kete Zilizokwenda Bububu

Mlandege, Unguja
Jumatatu, 16 Juni 1969

Kwa Ndugu Shamsi Machano,
Mwenyekiti wa Baraza ya Bao,
Mbele ya duka la ushoni, Mlandege.

Ndugu Mwenyekiti,

Assalam alaykum. Nakuandikia ingawa nyumba yangu na duka lako vinatazamana, na hivi sasa nakuona dirishani ukitia uzi kwenye sindano. Sina njia nyingine. Kikao chenu cha Jumapili tarehe 8 kimenikataza kufungua mdomo barazani, lakini hakikusema lolote kuhusu kalamu.

Kwa ajili ya kumbukumbu, naeleza yaliyotokea. Ijumaa tarehe 6, baada ya sala ya alasiri, tulipambana na baraza ya Bububu. Kwetu alicheza Mzee Borafya, ambaye hakuwa amefungwa tangu Ramadhani. Kwao alicheza Bwana Nahodha, mwenye gari la ng'ombe. Mila yetu inajulikana: baraza inayofungwa hukabidhi kete zake mpaka siku ya marudiano. Mchezo ulipokolea, Mzee Borafya akala kete nyingi katikati ya bao, ikambidi achague pa kuanzia kuzimwaga: kichwa cha kushoto au kichwa cha kulia, yaani tundu la mwisho la upande huu au la upande ule. Akasita. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za mkabala naye, nyuma ya mgongo wa Bwana Nahodha, mahali ambapo bao lote huonekana vizuri. Nikapaza sauti: "Kichwa cha kulia! Cha kulia, mzee, unangoja nini?" Akaanza na cha kulia. Haikupita mizunguko miwili tukafungwa. Kete zetu, komwe sitini na nne zilizookotwa na marehemu babu yako pwani ya Kiwengwa na kung'arishwa na mikono ya watu kwa miaka arubaini, zikatiwa kikapuni zikaenda Bububu. Leo mnacheza kwa kokoto, na bao linakwaruzika. Nayasikia makwaruzo hayo nikiwa chumbani kwangu, na yananiumiza kuliko mnavyodhani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimehukumiwa bila ya kusikilizwa. Nilikuja kikaoni na utetezi wa kurasa kumi na moja. Nilipofika ukurasa wa pili, Abdulla mpaka rangi akasema: "Bwana Gharib, sisi tumepoteza kete, hatutaki kupoteza na magharibi." Watu wakacheka, na wewe Mwenyekiti ukacheka zaidi kuliko wote. Kicheko si hoja. Katika vitabu vyote nilivyosoma, sijaona hukumu iliyoandikwa kwa kicheko.

2. Ushauri wangu ulikuwa sahihi, na ninao ushahidi. Nimeurudia mchezo ule nyumbani mara tisa, kwenye bao langu mwenyewe, kwa mbegu za ubuyu. Nimecheza pande zote mbili peke yangu, bila hata ya kuinuka kwenye mkeka. Nilipofika pale Mzee Borafya aliposita, kila mara nilianza na kichwa cha kulia, na kila mara Mlandege ilishinda. Mara tisa! Mke wangu, Mwanamkasi, ni shahidi. Aliniuliza, "Na anayefungwa ni nani?" Nikamwambia, Bububu. Akasema, "Mbona hapa nyumbani namwona mtu mmoja tu?" Swali hilo sikulijibu kwa kuwa lilikuwa nje ya mada.

3. Hata adui ameniheshimu, nyinyi hamkuniheshimu. Kabla ya kuondoka, Bwana Nahodha alinifuata mimi, hakumfuata Mzee Borafya wala wewe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema: "Ahsante sana, bwana. Siku yoyote ukija Bububu, chai yako ipo." Nimekaa kwenye baraza yenu miaka kumi na tano, nikishauri kila mchezo, asubuhi na jioni. Nani kati yenu aliwahi kunishukuru?

4. Muuza kahawa sasa ananiruka. Anamimina kulia kwangu, anamimina kushoto kwangu, mimi ananitazama kama nguzo.

5. Mmepitisha kanuni kwamba asiyecheza asiseme. Nakiri kwamba nimekaa kwenye bao mbele za watu mara tatu tu maishani, na moja kati ya hizo niliokolewa na mvua. Lakini nimeandika magazetini kuhusu mabomba ya maji, nami si fundi bomba. Nimeandika kuhusu mbuzi wa Darajani, nami sifugi. Kama kanuni yenu itasimama, basi karibu barua zangu zote za miaka ishirini hazikuwa na haki ya kuandikwa. Najua wapo watu wenye maoni hayo. Wawili kati yao ni ndugu zangu wa tumbo moja.

Kwa hiyo nadai kanuni hiyo ifutwe na niombwe radhi kwa maandishi. Nadai pia kwamba tokea sasa mchezaji asianze kumwaga kete mpaka watazamaji wamekubaliana, maana yeye ni mmoja na sisi ni wengi. Na kwa kuwa mchezaji atakuwa hana uamuzi wowote uliobaki, sioni sababu ya kuwa naye. Aondolewe. Kete zinaweza kusogezwa na mtu yeyote mwenye vidole, chini ya kamati ya watazamaji watatu, na uenyekiti wa kamati hiyo niko tayari kuupokea bila ya malipo.

Nisalimie wote barazani. Msalimie Mzee Borafya kwa namna ya pekee, na umwambie sina kinyongo naye kwa kushindwa kuutumia ushauri mzuri. Muuza kahawa usimsalimie.

Ni mimi, jirani yako uliyemnyamazisha,
Gharib Mcha

Tanbihi: Nilikuwa nshaifunga bahasha, Mwanamkasi akaja na ufagio. "Hebu ondoka hapo, kaa upande wa pili nifagie." Nikalizunguka bao, nikakaa kwa mara ya kwanza upande wa Mzee Borafya. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia. Ndugu Mwenyekiti, kile kichwa nilichokuwa nikianza nacho mara zote tisa hakikuwapo kulia. Kilikuwa kushoto kwangu. Nilimwelekeza mzee kwa mkono wangu nikiwa nimekaa upande wa Bububu, naye, kwa adabu yake, akanisikiliza kwa mkono wake. Nikaurudia mchezo mara ya kumi, nikaanza na kichwa cha kulia kwake kama alivyofanya. Mizunguko miwili, kwisha. Sasa nafahamu Bwana Nahodha alikuwa ananishukuru kwa nini.

Barua sikuichana, maana ukurasa wa kwanza nimeuandika vizuri. Ijumaa nakwenda Bububu kuinywa ile chai na kuomba marudiano yafanywe mapema. Mzee Borafya acheze apendavyo. Mimi nitakaa nyuma yake, upande wake. Na tafadhali muuza kahawa aje naye, akae karibu yangu, na kila akiniona nafungua mdomo anijazie kikombe.